Mjomba Ataka Senta, Mwalimu Ampanga Winga

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Malindi, upande wa Maweni. Jioni nauza viazi karai na bajia mbele ya nyumba. Mume wangu ni mvuvi, na msimu huu wa kaskazi twamwona usiku tu, naye akiingia ni kula na kulala. Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, na mchezo wake ni magongo. Si mpira wa miguu, si netiboli. Magongo. Bibi yake mpaka leo humuuliza, "Mafimbo hayo mwenda kupigana na nani?"

Alianza akiwa kidato cha kwanza kwa gongo la kuazima la shule. Uani kwangu amepanga vifuu sita, na kila siku kabla ya magharibi huvizungusha na mpira wa tenisi, huku na huku, mpaka kuku wamemzoea hawakimbii tena. Mwaka jana mwalimu wao wa michezo, ambaye ni mwanamke kijana, alimchezesha kiungo wa kati. Mwaka huu muhula wa kwanza ulipofunguliwa akamtoa, akamweka winga wa kulia. Katikati kapewa mtoto aliyeingia juzi tu, wa Gredi ya 10.

Sasa hapo ndipo maneno yalipoanza. Kaka yangu mkubwa yuko Kanada, mji wa Edmonton, mwaka wa 14 huu. Ana mtoto wa kiume wa rika la binti yangu, naye anacheza hoki, hiyo ya kwao ya barafu, na ni senta. Nilipomwambia kaka habari za winga alipandwa na hasira kwenye simu. "Katikati ndiko kwenye mchezo," akasema. "Winga ni wa kutumwa. Huku wanaotafuta vijana hodari huanza na masenta, mawinga huokotwa baadaye." Anasema mwalimu amemshusha mtoto cheo na mimi nimekaa kimya kwa sababu sijui haki yangu.

Kaka ndiye anayelipa nusu ya karo, sifichi. Mwaka juzi alimtumia mpwawe gongo kutoka huko. Lilikuja refu kama kasia. Mwalimu wa michezo alipoliona alicheka mpaka akakaa chini, akatwambia hili ni la barafuni. Sasa bibi huangushia maembe. Kaka ameahidi kutuma pesa tununue gongo la sawasawa na vya kukinga ugoko, lakini kwa sharti: mtoto arudishwe katikati. Mwalimu akikataa, yeye kaka yuko tayari kugharamia uhamisho, mtoto apelekwe shule ya Mombasa ambako watamchezesha senta. Anataka jibu kabla shule hazijafungwa.

Baba mtu nilipomweleza alisema "mwacheni mtoto acheze", akajigeuza upande wa pili.

Basi nikaenda kutazama mechi moja kwa macho yangu. Mchezo siujui, lakini kuhesabu najua. Yule wa Gredi ya 10 mpira ulikuwa kwake kila saa. Wangu alikuwa kasimama kule pembeni, karibu na mwarobaini tuliojikinga jua sisi wazazi, dakika nzima hajaugusa. Niliona uchungu, Mwalimu. Usiku nikamuuliza, kulikoni huko? Akanijibu, "Mama, huku pembeni hakuna mtu nyuma yangu." Hakusema zaidi, akaendelea kupanga madaftari yake. Mimi niligeukia ukutani nikalia. Mtoto wangu kaachwa peke yake.

Nimwendee mwalimu wake? Nimkubalie kaka? Na msichana anayetaka kufika mbali, bora awe senta au winga?

Mama wa Winga, Malindi

*

Marahaba, dada. Na pole kwa usiku ule, ingawa naona ulilia bure. Nitakwambia kwa nini, lakini tuanze na gongo la maembe, maana kesi yote imo humo.

Gongo la barafuni ni refu, chini lina ubao mwembamba, na mchezaji hupiga kwa upande wowote wa ubao ule. Letu ni fupi, limepinda mwishoni kama ndoana, upande mmoja bapa, wa pili mviringo, na upande wa mviringo ukigusa mpira refa anapuliza filimbi. Kaka yako alituma gongo la mchezo mwingine, kwa mapenzi kabisa. Sasa ametuma na ushauri wa mchezo huohuo.

Simlaumu. Mtu aliyekaa Edmonton miaka 14 ukimtajia hoki anaona barafu, kama sisi tukisikia "mpira" hatuwazi ule wa vikapu. Huku kwetu Malindi tuna uwanja uitwao Alaskan, na ndiyo barafu yote tuliyo nayo ukitoa ile ya kuhifadhia samaki.

Kule wanacheza watu sita kila upande ukimhesabu kipa. Wa mbele ni watatu: senta na mawinga wawili. Refa anapoangusha kile kisahani cheusi katikati ya wachezaji wawili walioinama, anayeinama kwa kawaida ni senta. Timu ikishambuliwa, senta ndiye anayeshuka mpaka karibu na lango lake kuwasaidia mabeki, na mawinga wanabaki juu kidogo kuwachunga mabeki wa upinzani wasipige kwa mbali. Kisahani kikipatikana, senta huyohuyo apande tena. Ni kazi ya kwenda na kurudi bila kupumua, ndiyo maana hutolewa baada ya sekunde 40 au 50, akae, kisha aingie upya.

Kwa hiyo kaka yako anaposema senta ni mtu mkubwa, kwa mchezo ule amesema kweli. Wanaochagua vijana kule humthamini sana senta, kwa sababu anatakiwa kujua kazi ya mbele na ya nyuma. Na yuko sawa hata kwa jambo ambalo labda hakulitaja: aliyelelewa katikati huhamia pembeni bila shida nyingi, lakini wa pembeni kuja kujifunza katikati ukubwani ni jasho. Liweke hilo, nitalirudia.

Alipoteleza ni kwenye "winga ni wa kutumwa". Tarehe 6 Aprili 2025, kwenye ligi yao kubwa ya NHL, Alexander Ovechkin alifunga bao lake la 895 na kumpita Wayne Gretzky, ambaye 894 zake zilidhaniwa hazitafikiwa. Gretzky alikuwa senta. Ovechkin ni winga wa kushoto, na mwaka 2004 vijana walipochaguliwa alikuwa wa kwanza kabisa kuitwa, hakuokotwa baadaye. Claude Giroux alikuwa senta miaka mingi pale Philadelphia. Msimu wa 2017-18, akikaribia miaka 30, akahamishiwa winga na kumaliza na pointi 102, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla, ambazo hakuwahi kuzipata alipokuwa katikati. Tyler Seguin alichaguliwa wa pili mwaka 2010, senta. Boston wakamchezesha sana pembeni, alipohamia Dallas mwaka 2013 akarudi katikati, tena kwa kishindo. Na hapohapo Edmonton, muulize kaka habari za Leon Draisaitl. Ni senta wa kuogopwa, lakini mara kwa mara huwekwa winga kando ya senta mwenzake, Connor McDavid. Siku hizo majirani wa kaka yako husema Draisaitl kashushwa cheo?

Basi tuiache barafu iyeyuke, turudi uwanjani kwetu.

Uwanja wa magongo una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Ule wa barafu wa kina Draisaitl ni kama mita 61 kwa 26. Sisi tuko 11 kila upande. Winga wa barafuni akiteleza hatua chache tu ameshafika kwa senta wake. Winga wetu anaweza kuwa mita 25 kutoka kwa kiungo, na mpira uko ng'ambo ya pili kabisa. Ulipomwona binti yako kasimama dakika nzima karibu na mwarobaini, hakuwa ametengwa, alikuwa kazini. Ebu kumbuka vizuri: kando yake hakukuwa na msichana wa timu nyingine, naye kasimama, naye hajagusa mpira? Naweka dau alikuwepo. Huyo ni beki aliyetolewa katikati akafungwa kwa binti yako kama mbuzi kwenye mnazi. Akimwacha, mpira ukipigwa huko ameadhirika. Magongo hayana kuotea, sheria hiyo ilifutwa miaka ya 1990, kwa hiyo winga anayejua kusimama mbele kabisa na pembeni kabisa anawasumbua mabeki hata kabla hajagusa kitu. Ni kazi isiyoonekana, na mama aliyekuja kuhesabu miguso haioni. Wala baba wengi hawaioni, usijisikie vibaya.

Tena si winga tu. Ni winga wa kulia, na hapo nisamehe nikae kidogo, nina kidonda cha zamani.

Magongo hayana gongo la mashoto. Sote hushika mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, na uso bapa ni mmoja. Shika ufagio hivyo uani kwako uone: mpira unakaa mbele ya mguu wa kulia, na kuusukuma kwenda kushoto ni kama kufagia. Kuupeleka kulia, lazima kwanza uzungushe miguu au upindue gongo. Sasa mpeleke mtu huyo upande wa kulia wa uwanja. Anakimbia na mstari, mpira uko upande wa nje, mbali na beki. Akitaka kupiga krosi, lango liko kushoto kwake, kule kule anakofagia. Na akimpita beki kwa nje, anapita kushoto kwa beki, upande ambao gongo la beki halifiki vizuri mpaka alipindue. Kila kitu kinamsaidia.

Mimi miaka yangu yote ya shule nilicheza winga wa kushoto. Mwalimu wetu aliamini mtu mwembamba ni wa pembeni, na pembeni kulikobaki kulikuwa huko. Kila nikitaka kupiga krosi nilikuwa nageuka kama mashua inayobisha, na nikimaliza kugeuka beki keshafika, kasimama, ananingoja. Kwa hiyo mtu akiniambia msichana mwenye mbio kapewa winga wa kulia na nyumbani kuna kilio, nikubalie nicheke kidogo. Kapewa chumba cha mbele chenye dirisha la upepo.

Katikati je? Kwenye viwanja vya zulia, ambavyo vimetawala mashindano makubwa tangu Olimpiki za Montreal mwaka 1976, mpira unateleza unakotumwa na kiungo anapata muda wa kufikiri. Viwanja vya shule zetu unavijua. Mpira unakutana na kishimo unaruka, wasichana saba wanaurukia, magongo yanagongana, vumbi, na mtoto mwepesi aliye katikati anajifunza jambo moja kubwa, nalo ni kuokoa vifundo vya miguu yake. Ulisema mpira ulikuwa kwa yule wa Gredi ya 10 kila saa. Siku nyingine hesabu na mara ngapi ulitoka kwake ukaenda kwa adui. Huenda mtoto yule ni fundi kweli, huenda mwalimu amemtia moto makusudi akomae, lakini wingi wa miguso peke yake hauniambii kitu.

Na kwa kuwa tunazungumza vyeo: Kombe la Dunia la kwanza la magongo lilichezwa Barcelona mwaka 1971, na Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani, dada, si Afrika. Jina ambalo watu wa mchezo huu nchini hulitaja kwanza ni la Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, akawa nahodha. Alicheza beki.

Sasa lile neno la usiku. "Mama, huku pembeni hakuna mtu nyuma yangu."

Wewe ulisikia upweke. Mimi niliyesimama pale nimesikia kitu kingine, na nikasoma barua yako mara ya pili kwa ajili ya sentensi hiyo tu. Katikati ya uwanja, mpira unapokujia, adui anaweza kutokea mbele, kulia, kushoto na mgongoni. Ufundi wa kiungo hauanzi mkononi, unaanza shingoni. Mpira ukiwa bado njiani, yeye keshatupa jicho juu ya bega hili na bega lile, keshajua nani yuko wapi, na mpira ukifika anajua pa kuupeleka. Asiyejua kufanya hivyo hunyang'anywa na mtu ambaye hakumwona, leo, kesho, kila mechi, mpaka anauogopa mpira wenyewe. Pembeni, mstari ni ukuta. Ukiupa mgongo, hakuna atakayekutokea huko labda kuku, na uwanja mzima uko mbele ya macho yako.

Nadhani binti yako alikuwa anakwambia kwamba sasa anaona.

Huenda nimekosea. Nasoma kauli moja ya msichana wa miaka 16, iliyopita kwa mama aliyechoka, ikaja kwangu kwa barua. Kwa hiyo muulize tena, lakini si usiku na wala si uso kwa uso kama polisi. Muulize mkimenya viazi, mikono ikiwa na kazi. Usimuulize "wapenda wapi", atakujibu "popote" na yataishia hapo. Muulize hivi: "Mwaka jana ulipokuwa katikati, mpira ukija, ulikuwa ukijua aliye nyuma yako ni nani?" Kisha nyamaza. Jibu litakaa kidogo, liache lije lenyewe.

Mechi ijayo ukienda, usitazame mpira hata kidogo. Mtazame binti yako kichwa, dakika 10. Okota kokoto, na kila akigeuza shingo kuangalia kabla mpira haujamfikia, hamisha moja kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Wazazi wenzako watakuona umerogwa. Kokoto zikihama mbili tatu, huyo katikati bado, na mwalimu wake ameliona hilo kabla yangu. Zikihama nyingi, una neno zito la kumwambia mwalimu, zito kuliko lolote litakalotoka Edmonton.

Na shingo inafundishika. Vile vifuu sita ni vizuri lakini vinamfundisha kutazama chini. Mwite mdogo wake asimame nyuma yake, hatua tano. Mwingine amrushie mpira kwa mbele, uje ukiviringika. Mpira ukiwa njiani, aliye nyuma anyooshe vidole, na binti yako aseme ni vingapi kabla gongo halijagusa mpira. Mara 20 kwa siku, kabla ya magharibi kama kawaida yake. Wiki ya kwanza atakosa mpira na vidole pia, atakasirika. Muache akasirike.

Kwa mwalimu wake nenda, ila usiende kudai. Nenda na viazi ukipenda, si rushwa hiyo. Muulize kwa nini alimhamisha, na umsikilize mpaka mwisho. Akikwambia mbio zake, au krosi, au hilo la kutazama nyuma, huyo ni mwalimu anayemwona mtoto. Akikwambia ni kwa sababu yule wa Gredi ya 10 ana mwili mkubwa, hapo usikubali upesi. Miili ya miaka 15 na 16 inabadilika kila muhula, na kumpangia mtoto nafasi kwa kimo ni lile kosa lililonipeleka mimi kushoto. Kisha umwombe jambo moja: mazoezini amchezeshe katikati siku moja kwa wiki, na mechi ikiwa imeshaamuliwa, robo ya mwisho pia. Mpira wa magongo unaruhusu kubadilisha wachezaji bila hesabu, wanatoka na kuingia wapendavyo, kwa hiyo hagharimiki kitu. Hapa ndipo ninapompa kaka yako haki yake: asiache kabisa kujifunza katikati. Anaweza kuitwa huko akiwa na miaka 18, na ikitokea hivyo asiwe mgeni.

Uhamisho, hapana. Yuko kidato cha tatu, mwakani ana mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari, nao ndio wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4. Umtoe kwa walimu wanaomjua, umpeleke akalale bwenini Mombasa, kwa ajili ya nafasi uwanjani ambayo hakuna mwalimu yeyote wa Mombasa aliyemuahidi? Huko nako kuna mtu mwenye filimbi na macho yake, na wiki ya kwanza anaweza kumtazama anavyokimbia akamwambia, haya, winga wa kulia.

Kaka ndiye mgumu, najua. Kwetu mjomba ana neno lake kwa mpwawe, na mjomba anayelipa karo ana neno mara mbili. Usibishane naye, wala usimsomee majina ya kina Ovechkin kwenye simu, hayo nimekuandikia wewe upate moyo. Mpigie ya video Jumapili jioni, wakati kule ndiyo kumekucha, umpe simu binti yako uani, na gongo la shule mkononi. Amwonyeshe mjomba wake uso bapa na mgongo wa mviringo. Amwonyeshe anavyokimbia na ukuta wa nyumba upande wa kulia na kupiga krosi kushoto. Mtu anayependa mchezo akionyeshwa kitu kama hicho husahau alichokuwa anagombea. Na mwanawe naye aitwe kwenye simu. Senta wa miaka 16 lazima kuna siku amechezeshwa winga, na huenda babake hajui alivyoipenda.

Akishikilia sharti lake, mwambie, "Kaka, karo yako naipokea na kichwa changu nakiinamisha. Gongo litangoja." Ukweli ni kwamba gongo la kuazima linatosha bado. Pesa kidogo ukizipata, anza na vya kukinga ugoko na kile cha kukinga meno. Gongo analigawa mwalimu, meno hagawi. Siku ya kununua la kwake, lisimamishe chini kando yake. Ncha ya juu ifike kwenye mfupa wa nyonga, isizidi sana. La mtumba si vibaya, ila lipitishe kidole kwenye kile kipindo kama lina ufa.

Lile la Kanada bibi aendelee nalo. Kwa maembe ya juu kabisa, gongo letu halifiki.